Uzi wa Buluu Ndani ya Pipa la Kijani

Ujumbe wa kwanza uliingia katika simu yangu saa kumi na mbili na dakika arobaini na mbili asubuhi, siku ya Jumanne, lori la taka likiwa bado halijafika mwisho wa mtaa wetu hapa Azaiba. Ulikuwa na picha moja na mstari mmoja wa Kiarabu: mabaki ya chakula yamechanganyika na taka safi, faini riyali tatu.

Mtaa wetu ulikuwa kwenye majaribio. Kila nyumba ilipewa pipa la kijani la kutilia karatasi, makopo na chupa, mbali na lile jeusi la siku zote. Juu ya mdomo wa lori pamefungwa kamera. Pipa likiinuliwa na kumwagwa, kamera hupiga picha vitu vikiwa vingali hewani, kisha programu huzungushia duara jekundu kile kisichostahili kuwamo. Nyumba ikikosea mara ya tatu, hunyang'anywa pipa.

Nyumbani siku zile tulikuwa wanawake watatu, kwani mume wangu hufanya kazi jangwani na hurudi kwa zamu. Kulikuwa na mimi, mama yangu mzazi, na dada wa kazi kutoka Uganda, aliyekuwa akimsomesha mdogo wake kwa mshahara wa kwetu. Mama hatoi taka. Mimi sikutia chakula. Hesabu ilikuwa fupi, nami nikamwita dada jikoni.

"Kuna uchafu katika pipa la kijani," nikamwambia. "Riyali tatu zitakatwa kwako."

"Madamu, wallahi si mimi." Ni Mkristo, lakini kiapo hicho alikwisha kukizoea. "Hiyo ya kijani naosha mwenyewe na sabuni. Chakula naweka pipa ya zibala, ile nyeusi."

"Basi kimeingia kwa miguu yake?"

Mama alikuwa amekaa mlangoni na kofia yake ya kudarizi mapajani. "Uchafu gani tena?" akauliza bila ya kuinua uso. "Pipa lile safi kuliko sinia za harusi. Mwache mtoto wa watu."

Sikumwacha. Nilimwambia kwamba tukifika mara ya tatu nitamrudisha ofisi iliyomleta. Niliona akiuweka mkono wake juu ya meza na kuuacha hapo.

Mimi skuli niliiacha mapema. Cherehani nilijifunza kuzitengeneza kwa kuzifungua, na kompyuta kwa kusoma vitabu vya maelekezo ukurasa baada ya ukurasa. Kitu nisichokielewa hunisumbua. Kwa hivyo Jumanne ya pili nilitangulia langoni, na lori lilipofika nikamwomba dereva anionyeshe. Alikuwa mtu mpole. Akafungua mlango na kunielekeza kwenye kioo kidogo kando ya usukani. Pipa letu likainuka. Kwenye kioo nikaona maboksi, chupa, kopo la maziwa, vyote vimesimama hewani kana kwamba vimetundikwa, kila kimoja na mpaka wake. Kamera hiyo imefundishwa kwa kuonyeshwa picha nyingi za maboksi yenye mafuta na nepi zilizotumika, mpaka ikaweza kuvitambua vingine kama hivyo. Kazi ambayo zamani ilimlazimu mtu kuchakura kwa mikono kwenye harufu, inafanywa kabla taka hazijagusa sakafu ya lori. Nilistaajabu, na bado nastaajabu.

Kisha duara jekundu likatokea, na simu ikalia mkononi mwangu.

"Bibi, wali huo," dereva akasema kwa Kiarabu, akicheka. "Na karatasi zote za chini zimelowa. Hazifai tena."

Nilirudi ndani na riyali tatu nyingine za kumkata. Dada hakulia wala hakuapa. Alinawa mikono, akaifuta, akasema, "Madamu, hiyo picha, nionyeshe na mimi."

Hapo ndipo nilipogundua kuwa sikuwahi kumwonyesha. Nilisoma maneno, nikatazama duara, nikamhukumu. Nikampa simu. Aliikuza picha kwa vidole viwili, akaitazama kwa muda.

"Huu mfuko umefungwa na uzi," akasema. "Mimi nafunga kwa masikio ya mfuko tu. Uzi mimi sina."

Hakusema ni nani aliye nao. Alinirudishia simu na kuinamia sinki.

Nikatazama. Mfuko mweupe, wali ndani na vipande vya mkate, na shingoni uzi wa buluu uliozungushwa mara tatu. Nikaifungua picha ya wiki iliyopita. Uzi ule ule. Nikageuka mlangoni, na kofia ya mama ilikuwa na maua ya buluu.

"Mama, wewe ndiye unayetia wali katika pipa la kijani?"

"Ndio mie. Kwani vipi?"

"Mama! Nimesema kuna uchafu humo wiki mbili!"

"Uchafu s'kutia. Nimetia neema ya Mungu." Akaitua sindano. "Ulitaka niitupe jaani, pamoja na nepi za jirani? Hilo jengine linaoshwa, tena nyie wenyewe mlisema vitu vyake vinarudi kutumika. Nami nikasema, na mkate urudi, walau uliwe na mbuzi. Nikaufunga vizuri usimwagike."

Kwa mantiki yake hapakuwa na pipa jingine nyumbani lililostahili mkate.

Siku hiyo hiyo nilinunua ndoo yenye kifuniko, na jamaa mmoja wa mtaa wa Ghubra anayefuga mbuzi akakubali kupita kila siku ya pili. Mama ndiye mlinzi wa ndoo. Nikamwita dada, nikamwambia mbele ya mama kwamba nimemkosea, na kwamba hakuna kitakachokatwa wala ofisi atakayorudishwa.

"Ahsante, madamu," akasema. "Ningekwambia toka ya kwanza. Lakini picha hukunionyesha."

Jumanne ya tatu tulisimama sote watatu sebuleni, simu mezani. Mama alikuwa wa kwanza kuiona alama ya kijani. "Sasa wamefahamu," akasema. "Na uzi wangu ulioliwa na lori, nani atanilipa?"

Dada alicheka mpaka akakaa chini.

Faini zote mbili nililipa mimi, na uzi wa buluu nikamnunulia mama mpya. Hasara yangu, ukiacha ndoo, ni riyali sita, na baisa mia nne za uzi.