Jiwe la Mlango wa Wodi

Dada yangu alikuwa muuguzi mjini Meru, na kwa muda mrefu alihudumia wodi mbili peke yake: wanawake waliopasuliwa upande huu, watoto upande ule. Mlango wa katikati aliuzuia kwa jiwe usijifunge, amsikie yeyote atakayelia. Mchana mmoja, dada akiwa amekandamiza kidonda cha mama aliyevuja damu, mtoto upande wa pili akaishiwa na pumzi. Hakulia. Jiwe lingemsaidia nini mtoto asiyelia?

Wageni wa kaunti walipokuja kukagua hospitali, matroni, mkubwa wa wauguzi, aliwaambia mambo ni shwari. Dada akainua mkono.

"Si shwari. Mtoto amekufa kwa sababu niko peke yangu."

Jumapili, matroni akafika nyumbani kwetu na wazee wawili wa kanisa, wamebeba mkate na sukari. Kwetu ndivyo mtu anavyonyamazishwa: hafokewi kazini, anafuatwa kwa wazazi wake. Mama akatoa vikombe vya wageni. Nilivichukia vikombe vile, pamoja na maua yake.

"Binti yetu," mzee mmoja alisema, akipuliza chai, "si ungemwambia matroni kwanza?"

"Nilimwambia, baba. Akaniambia nijikaze."

Matroni akakoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka.

"Sema tu ulikosea," mama akamsihi dada. "Unajua tulivyohangaika ukapata hiyo kazi."

"Ungekuwa wewe mama wa yule mtoto, ungetaka niseme hivyo?"

Mzee akatuinamisha vichwa, akamwomba Mungu ampe dada uvumilivu. Sote tukasema amina, isipokuwa dada.

"Mngeomba muuguzi wa pili," alisema, "ningeitikia."

Baba akaanza kucheka, akaona yuko peke yake, akakohoa.

Uhamisho wa dada ulikuja kabla ile sukari haijaisha. Akapelekwa zahanati moja huko Timau, kwenye baridi, na mimi nikaenda wodini kumchukulia sweta aliyoisahau. Jiwe lilikuwa palepale. Muuguzi nisiyemjua alipita mbio kutoka kwa watoto akienda kwa wanawake.

"Umeletwa badala ya dada yangu?" nikamuuliza.

"Nimetolewa wodi ya wanaume."

"Na wanaume wamebaki na nani?"

"Na mimi," akasema bila kusimama, akanyoosha kidole kwenye mlango wa ng'ambo.

Nao ulikuwa umewekewa jiwe.