Kitaliano cha Marehemu

Noelene Pratt alizaliwa Ingham, Australia, katikati ya mashamba ya miwa, na kwao hapakuwa na lugha ila Kiingereza. Alikuwa dereva wa basi la shule, mwanamke wa maneno machache. Alipoolewa na Livio, mwana wa Mtaliano mwenye shamba, alidhani shida itakuwa joto la jikoni tu. Masikini, hakujua. Mama mkwe, Bi Ermelinda, hakumwita jina lake hata siku moja. Miaka nenda miaka rudi alikuwa "yule Mwingereza". Yule Mwingereza apewe kiti. Yule Mwingereza amekausha nyama tena. Na Noelene, aliyeweza kunyamazisha basi zima la watoto kwa jicho moja, alikuwa akijifungia bafuni analia.

Ndipo akaazimia kujifunza Kitaliano. Alitaka kitu kimoja tu duniani: mama wa mumewe amwite Noelene. Vitabu vikamshinda, maneno yakamtoka makavu kama mtu anayesoma tangazo. Akamwendea Bi Onorina, mdogo wake Ermelinda, mjane aliyekaa ng'ambo ya barabara. Onorina alimfundisha huku wakifanya kazi. Walimenya vitunguu, wakasaga nyanya za mchuzi wa mwaka mzima, na kila neno alimrudisha alirudie mpaka litoke vile anavyolitamka yeye.

"Usitafsiri kichwani, mwanangu," alimwambia. "Nifuatishe mimi."

Noelene akafuatisha. Akafuatisha hata ile pumzi aliyoivuta Onorina kabla ya kuuliza swali, na kile kicheko chake cha puani.

Onorina akafa ghafla, akianika nguo. Wakati huo Ermelinda yuko kitandani, kiharusi kimemnyang'anya macho na Kiingereza chote alichokiokota Australia. Familia ile ina desturi yake: mgonjwa hapelekewi habari za msiba. Wakamzika Onorina kimya kimya, wakamwambia dada yake kwamba amekwenda kwa binti yake Brisbane. Bibi Ermelinda akagoma kula. Alimtaka ndugu yake.

Noelene akachukua bakuli la supu, akaingia. Siku aliyoisubiri ndiyo hiyo, jamani, kusema na mama mkwe kwa lugha yake mwenyewe. Akasema kwa Kitaliano, "Fungua mdomo kidogo, supu isipoe."

Bibi akageuza uso. "Onorina," akasema. "Ulikuwa wapi wewe, mtoro?"

Livio alikuwa mlangoni, rangi imemtoka. Baadaye alimwambia mkewe kuwa alimsikia mama yake mdogo akiongea mle ndani, mzima kabisa. Ila bibi alikuwa amekula. Livio akamsihi aendelee hivyo hivyo, asimwambie mama kitu. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Akaendelea.

Mwanzoni alikuwa akiigiza. Kisha siku moja, akimfuta bibi mdomo, alijisikia akimkumbusha yule mbuzi aliyetumbukia kisimani kwao zamani za utoto, na jinsi baba alivyoshuka na kamba akiwa amevaa nguo za kanisani. Bibi alicheka mpaka akapaliwa. Noelene akabaki na kijiko mkononi. Hakuna aliyewahi kumsimulia habari za mbuzi. Hakujua hata kama kwao kina bibi kulikuwa na kisima. Alasiri ile, akirudisha basi tupu, alijaribu maneno mawili matatu ya salamu kwa Kitaliano, na kile kicheko cha puani kikamtoka wala yeye hakucheka. Aliogopa, nisiwafiche. Alifunga mdomo mpaka nyumbani.

Miwa ilipoanza kukatwa, bibi alikuwa amebaki ngozi na mifupa. Mchana mmoja akamshika mkono.

"Onorina, mimi naondoka. Niitie Noelene."

Miaka yote hiyo, na jina limetoka safi, bila kukwama.

"Unamtaka wa nini?" akauliza.

"Nimemwonea sana yule binti. Nataka nimwambie mwenyewe, wewe usinisemee. Nenda kamwite."

Akatoka, akasimama ukumbini, akafuta machozi. Akarudi, akapiga magoti kando ya kitanda. Akaitafuta sauti yake mwenyewe, ile ya kufokea watoto, akasema kwa Kitaliano, "Mama, ni mimi. Noelene."

Kwanza ilitoka ile pumzi ya Onorina. Maneno yakafuata, laini, ya puani.

"Acha mzaha, Onorina," bibi akasema. "Nimekwambia kamwite."

Akajaribu kwa Kiingereza. Bibi akakunja uso, akauliza ni nani huyu aliyeingia chumbani, na anasema nini. Akarudi kwenye Kitaliano, sasa analia, na bibi akampapasa kichwa akimbembeleza, nyamaza mdogo wangu, usije ukaniliza na mimi. Kisha akaelekeza uso mlangoni, akangoja.

"Anakuja?" akauliza.

"Anakuja," Noelene akajibu.

Bibi akaitikia kwa kichwa, akaanza kuiweka sawa kola ya gauni la kulalia, mkwewe asije akamkuta vibaya.