Salamu ya Kuinama

Mwanangu hajawahi kunisalimia. Nalisema mapema lisije likanikaba kooni huko mbele. Ni msichana wa miaka tisa, ana usonji, maneno anayoyatamka ni ya kuhesabu, na shikamoo haimo. Asubuhi watoto wa majirani wanapita mlangoni kwangu kwenda shule, shikamoo mama, shikamoo mama, mpaka nachoka kuitika. Wangu ananipita kama nguzo ya umeme. Najua si jeuri. Daktari alinieleza vizuri nikaelewa, na bado natamani.

Karate niliikataa mwanzoni. Mwalimu mwenyewe ni fundi pikipiki hapa Singida mjini, mtu wa sauti ndogo, na Jumamosi huazima darasa la shule ya msingi, anasogeza madawati ukutani na kuwafundisha watoto watano kama wangu. Aliponiita nilimjibu palepale, maana mdomo wangu hauna breki: mtoto anayejigonga kichwa ukutani, leo nimwongezee na ngumi? Hakukasirika. Alisema dada yake mdogo naye yuko hivyo hivyo, nije nitazame tu.

Nikaenda kwa shingo upande. Ngumi sikuziona. Alikuwa amechora duara kwa chaki sakafuni, kila mtoto na lake, na hatua zilikuwa zilezile, kwa mpangilio uleule, kila Jumamosi. Mwanangu, ambaye nikimbadilishia kikombe tu analia mpaka anatapika, alitulia mle kwenye duara lake kama yuko kwao.

Kabla ya kuanza walisalimiana. Mwanafunzi anabana visigino, anaweka mikono mapajani, anainama. Mwalimu naye anainama, ndipo mtoto anainuka. Mkubwa akichelewa, mdogo anasubiri palepale chini. Ilimchukua mwanangu miezi minne. Siku aliyoinama mara ya kwanza nilikuwa nje dirishani, na nililia mpaka upindo wa kanga ukalowa.

Baadaye wivu ukaniingia. Ndiyo, wivu, kwa fundi pikipiki wa watu. Mimi ni fundi cherehani, basi nikajishonea suruali nyeupe na koti lake kama vya mwalimu, nikasimama sebuleni asubuhi, visigino nimebana, nikainama kwanza mimi. Mwanangu alitazama miguu yangu, akanizunguka, akaenda kuchukua kikombe chake. Mume wangu alicheka mpaka alipouona uso wangu. Suruali ile nikaifumua, nikatoa foronya mbili.

Sasa mama mkwe. Anaishi Kinampanda, na kwake shikamoo haina mjadala. Asiyeitoa hapewi mkono wala haulizwi habari. Wajukuu wengine waliondoka kwake na kuku, wangu aliondoka na vumbi. Aliwahi kumwambia mwanawe kwamba mimi ndiye niliyemharibu mtoto kwa kumdekeza. Nililimeza hilo, mimi huyu nisiyemeza kitu. Nikamwomba mwalimu msaada, na Jumamosi tatu akashika picha ya bibi kifuani kila mwanangu alipoinama.

Tukaenda. Tulimkuta mama mkwe uani, kakaa kwenye kigoda, anapepeta uwele. Nikapiga goti nikasalimia. Mwanangu akasimama hatua tatu mbele yake, akabana visigino, akainama.

Bibi aliacha kupepeta. Akauliza mtoto anatafuta nini huko chini. Nikamwambia anakusalimia, mama, hii ndiyo shikamoo yake.  Kisha akasema, "Marahaba."

Jamani, neno lile nililisubiri miaka tisa. Nilitaka kupiga vigelegele. Lakini mwanangu hakuinuka, na hapo ndipo nilipokumbuka. Mambo yote nilipanga, nauli, picha, gauni jipya, nikasahau kumwambia bibi kwamba na yeye anatakiwa kuinama.

Nilijaribu ujanja. Nikasimama pembeni ya kigoda nikainama mimi badala yake. Wapi. Salamu haikuwa yangu. Kumshika nimwinue sikuthubutu, maana akishikwa ghafla anapiga kelele mpaka sauti inakauka, na siku yote ingeharibika. Jua lilikuwa kali, magoti yake yakaanza kutetemeka, na jirani alikuwa amesimama kwenye ua wa miti akitutolea macho.

Nikasema, "Mama, anasubiri na wewe umwinamie."

"Mwanangu," mama mkwe aliniambia taratibu, "mimi nimwinamie mtoto?"

 Kwao mkubwa hamwanzi mdogo hata kwa salamu ya mdomo, na mimi namtaka apinde mgongo, tena jirani anaona. Nilimwambia tu kwamba hajui njia nyingine. 

Mama mkwe akaweka ungo chini. Akashika ukuta, akainuka kwa awamu, kiuno kwanza, kisha magoti. Akavisogeza visigino karibu karibu, kwa kadiri vilivyokubali, akainama. Mwanangu akainuka, akaenda kutazama kuku, hana habari na mtu. Bibi alibaki amesimama, anahema, macho yamejaa maji. Akasema tangu azaliwe hajawahi kusubiriwa na mtu namna ile.

Siku ile mwanangu alikula ugali wa uwele na mlenda ndani, kando ya bibi yake, na mimi nilishiba kwa kuwatazama.  Nilifurahi, Mungu ananiona. Nilifurahi na roho ikaniuma.

Jioni mama mkwe alitusindikiza mpaka barabarani, kakumbatia kuku wa mjukuu wake. Mwanangu alitangulia mbele akihesabu mawe kwa kidole. Mama mkwe akauliza, "Na wewe anakusalimia hivyo kila asubuhi?"

Nilimtazama mwanangu, mgongo wake mdogo ndani ya gauni jipya.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Kila asubuhi."

Akanikabidhi kuku, akasema nimebarikiwa. Nikaitikia.