Kikohozi cha Baba Mkwe na Diski Zilizosingiziwa

Dada yangu aliolewa na mtu wa Ikolo. Nilipomaliza kidato cha nne na matokeo kunikataa, akanichukua nikae naye Kyela mjini. Ilikuwa miaka ile kila mwenye mtaji kidogo anafungua kitu chake, huyu vocha za simu, yule mikanda ya kukodisha, na baba mkwe wake aliuza kakao akamfungulia mwanawe studio. Mwanawe akawa anazunguka na kamera kwenye harusi na misiba, dada anakaa na kompyuta kukata na kuunga picha. Mimi nilikuwa wa kubeba betri tu, lakini kompyuta ile niliipenda kuliko chakula. Sikufundishwa na mtu. Niliharibu, nikatengeneza, nikaharibu tena.

Picha zote zilikaa kwenye diski mbili ambazo niliziunganisha jozi kwa programu. Ukiandika kwenye hii, inajiandika na kwenye ile, ili moja ikifa nyingine ibaki. Kwa joto la Kyela tulizitoa nje ya boksi, tukaziweka juu ya stuli karibu na mlango wa nyuma zipate upepo wa feni, na waya mmoja wa umeme unazilisha zote mbili.

Sasa, kwetu mkamwana hakai mbele ya baba mkwe wake. Hamtazami, hasemi naye, akimwona njiani anaacha njia. Kwa hiyo mzee akija studio alikohoa mlangoni, kwa adabu, dada apate nafasi ya kutoka. Dada naye, kwa adabu, hakutoka kabla ya kumwashia video yake. Siku zote ilikuwa ileile, harusi ya Itungi ambayo mama yake mzee, miezi michache kabla hajafa, aliinuka na fimbo yake akacheza ngoma mpaka vijana wakampisha. Dada anaiwasha, anakimbilia nyuma ya pazia la mlango ule wa nyuma, mzee anakaa kumtazama mama yake.

Siku moja video ikaganda bibi akiwa ndiyo kwanza anainuka. Kompyuta ikasema diski zote mbili zina sehemu mbovu.

"Mwambie dada yako amemharibu mama yangu," mzee akaniambia, na dada yuko palepale nyuma ya pazia anasikia kila neno.

"Mwambie baba sijagusa kitu," pazia likajibu kwa sauti ndogo.

"Mwambie arudi shamba Ikolo akaanike kakao. Hapa nitaweka mtu aliyesoma."

Damu ikanipanda. "Mzee, dada yangu haondoki. Studio hii inakula kwa mikono yake. Kama kakao inataka mtu, nitaianika mimi, na wewe ukae hapa ukate picha za maharusi."

Mzee akanitazama juu mpaka chini. "Na mwambie pia mdogo wake ana mdomo kama redio iliyotiwa betri mpya."

"Amesikia," nikasema.

Akatupa muda mpaka Jumapili, akitoka kanisani.

Nikampigia fundi wa Mbeya. Akasema diski ikishaanza kuonyesha sehemu mbovu, weka mpya haraka. Tukanunua mpya, nikaitoa moja ya zamani, nikaifunga mpya mahali pake, tukangoja ile iliyobaki imnakilie mwenzake. Ilipomaliza nikafungua video. Ikaganda palepale.

Nikaiambia programu inionyeshe sehemu mbovu za diski ya zamani, halafu za ile mpya. Namba zikawa zilezile, moja baada ya moja. Nikaruka kutoka kwenye kiti.

"Dada! Umeona wapi mtoto mchanga anazaliwa na kovu la babu yake, mahali palepale?"

"Unasema nini wewe?"

"Hii tumeitoa kwenye nailoni leo asubuhi! Haiwezi kuugua mahali palepale ilipougua nyingine!"

Ndipo nikaelewa. Programu ikishindwa kusoma mahali, inaandika pembeni kwamba pale pabovu, na tangu hapo haijaribu tena, inaamini maandishi yake. Tulipoweka diski mpya, ikainakilia na maandishi hayo. Ule ulikuwa umbea tu, umehama nyumba. Nikaichomoa jozi, nikaisoma diski ya zamani peke yake, moja kwa moja, mwanzo mpaka mwisho. Hakuna hata kosa moja. Nilicheza mle ndani kama yule bibi.

Mpya sikuiamini, kwa sababu zile sehemu ziliposemwa ni mbovu hazikunakiliwa, kwa hiyo kwake palikuwa patupu. Nikaiwasha ya zamani peke yake, nikaiamuru programu isahau umbea wake, nikafungua video. Bibi akainuka, fimbo juu.

"Ndaga, mdogo wangu," dada akanishukuru kwa kwetu, anajifuta macho na kanga. "Ndaga fijo."

Nikaisafisha ile mpya, ikanakiliwa upya, jozi ikarudi. Lakini umbea ulianzia wapi? Hilo sikulijua mpaka Jumapili.

Mzee akakohoa mlangoni. Dada akawasha video, akaruka kwenda kwenye pazia, na pindo la kanga yake likaukwaa ule waya wa umeme. Diski zikalia tk, zote mbili. Kioo kikajaa makosa. Mbele ya macho yangu! Ndiyo maana video moja tu ndiyo iliyougua. Ndiyo iliyokuwa inasomwa kila mzee alipokohoa.

Nikakaza waya, nikaiamuru programu isahau tena, nikawasha video upya, na mdomo wangu haukungoja. "Mzee, kikohozi chako kinachelewa."

"Kinachelewa wapi?"

Nikamwonyesha stuli, waya, pazia. Kisha akakaa, akamtazama mama yake akicheza mpaka mwisho, fimbo na yote. Alipoinuka akavaa kofia.

"Mwambie dada yako aendelee na kazi yake. Na tangu leo nitaanza kukohoa kule kwa fundi baiskeli, kabla sijafika hapa."

"Mwambie baba asante," pazia likasema. "Na stuli naihamisha."

Stuli ikahamishwa, na mzee akaanzia kukohoa mbali kweli. Haikupita muda fundi baiskeli akanishika mkono, akaniuliza kama yule mzee wetu ameshapimwa kifua.