Ubao wa Matundu Sita

Mtu akitaka meza kwangu, husema meza. Akitaka mlango, hunieleza mpaka habari za kufuli lililoibwa. Mzee mmoja, ambaye sasa amehamia mbali na ndiyo maana naweza kusimulia, alitaka matundu. Alisimama mbele ya karakana yangu hapa Kingi, fimbo ya kuchungia kwapani, akatoa mfukoni kikombe cha bati.

"Kaka, unitobolee matundu sita mu ubao. Kubwa, kama mudomo ya hii kikombe."

"Ni ya kufanya nini, Papa?"

"Toboa tu."

Nilimjua kwa sura. Alikuwa mtu wa ng'ombe, wa vilima vya juu, ambako watu wanaishi kwa kuuza maziwa. Sisi wa huku chini tunalima maharagwe na mihogo, na ng'ombe wao wameyamaliza maharagwe yetu mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Hatutembeleani. Tena kwao kuna seremala, hodari tu, mwenye hata mashine. Kwa nini huyu ashuke mlima wote kunifuata mimi, mwenye keekee ya kuzungusha kwa mkono? Nikamwomba namba ya simu ili nimwite kazi ikiisha. Akasema simu yake imekufa, na hapo hapo nikaisikia ikitetemeka mfukoni mwake.

Siku hizi huku kwetu ukitengeneza kitu, jiulize kwanza kitakutwa wapi. Mdomo wa bunduki unapita kwenye tundu la ukubwa wa kikombe, na mlengaji anabaki na nafasi ya jicho. Au labda ni sanduku la kufichia mawe ya madini yanayotoka migodini Walikale. Wenye silaha wakiukuta ubao huo, wawe wa upande wowote, swali la kwanza litakuwa nani aliyeutoboa. Jibu ni mimi, na anayebaki akinitafuta ni mke wangu.

Hata hivyo nilianza kazi, maana kumfukuza mtu kama huyo nako kunaweza kukuletea balaa. Alitaka ubao mpana usio na kiungo, nami nilikuwa na mmoja tu, wa muvula, mti mgumu, uliotoka msituni Ntoto. Nikaubana mezani. Keekee hubonyezwa kwa kifua na kuzungushwa polepole. Ncha ya katikati inashika njia, na kisu cha pembeni kinakata mduara. Mwenye haraka hutoboa moja kwa moja mpaka ng'ambo, na huko ubao unachanika na kuota vibanzi kama ndevu. Mimi ncha ikichungulia tu upande wa pili, nasimama, nageuza ubao, naanza upya kutoka huko.

Mzee hakuondoka. Tundu la kwanza lilipokamilika, aliingiza kidole akakizungusha ndani taratibu.

"Hapa iko inakwaruza."

Nikapiga msasa. Safari hii alipitisha upande wa ndani wa kifundo cha mkono, palipo na ngozi laini.

"Bado."

Nilikasirika. Bunduki haina ngozi, nikajisemea, na mawe hayana ngozi. Sasa kitu gani kitapita hapa kisichotakiwa kukwaruzwa? Ndipo nikaona kichwani mwangu watu waliofungiwa ndani, wakitoa mikono kwenye matundu yangu kupokea chakula. Niliyamaliza yote sita huku picha hiyo ikigoma kunitoka, kisha nikaukumbatia ubao.

"Papa, bila kuona mahali ubao utakaa, hautoki hapa."

"Nitatafuta ingine."

"Tafuta. Muvula ni yangu."

Aliinama akachorachora udongo kwa fimbo yake. "Basi twende," akasema. "Lakini tupite nyuma, ku mikaratusi."

Huko kupita nyuma kulinitia hofu zaidi. Nilibeba ubao begani, yeye mbele, na kila mtu alipotokea kwa mbali tuliingia kichakani mpaka apite. Nilijuta sana kwa kutomuaga mke wangu.

Tulipofika kwake nilitazama zizi kwanza, kama mtu yeyote wa kwetu angefanya. Lango lilikuwa limefungwa vizuri kwa kamba. Ndani, nyasi zilikuwa zimeota mpaka magotini. Hapakuwa na ng'ombe hata mmoja.

Akaniingiza jikoni. Kando ya mafiga palikuwa na sanduku lenye vyumba vidogo, na mbele yake ubao uliotobolewa ovyo kwa panga. Akapiga mluzi, ule wa kuita ng'ombe jioni. Kwenye tundu moja kikachungulia kichwa cha simbilisi, yule mnyama mdogo kama panya asiye na mkia, anayefugwa kwa ajili ya nyama. Kisha wakaja wengine.

"Watu ya bunduki walichukua ngombe zote, hata ndama," alisema. "Hizi hawazione. Lakini moja yenye mimba ilipita mu tundu, kibanzi kikaipasua tumbo. Njo maana nilisema iwe laini."

"Kwenu hawajui?"

"Wanazani ngombe ziko mbali, ku majani. Wazee wenzangu bado wananiachia kiti. Siku watasikia ninachunga simbilisi, kiti njo imeisha."

Kuna sehemu yangu iliyotaka kucheka, ile ya maharagwe yaliyoliwa. Nyingine yote ilijaa huruma, na aibu pia. Niling'oa ubao mbaya, nikapigilia wangu, tukawatazama wakipita bila kukwaruzwa.

"Na mimi, Papa, huogopi nitasema?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo dogo.

"Njo maana nilishuka kwako. Wewe utaambia nani? Kwetu hakuna hata muntu moja anakusalimiaka."

Ilikuwa kweli, na iliniuma kuliko nilivyotegemea.