Jembe la Mkono wa Kushoto

Juzi, kwa fundi wa kuchoma vyuma huku mjini kwetu, kwenye komini, yaani mtaa, uitwao Kenya, mama mmoja alifungua kitenge akatoa jembe lililolika upande mmoja mpaka likawa kama mwezi mchanga.

"Iko ya mama yangu, marehemu," akamwambia fundi. "Alikuwa analima nayo kule Kasomeno. Alikuwa wa mukono ya kushoto."

Fundi ana vijiti vya kuchomea vinavyoacha chuma kigumu kwenye makali, udongo usiyale upesi. Akachukua chaki, akachora mstari wa kulinyoosha kwanza. Mama akaufuta kwa kidole gumba cha mkono wa kuume.

"Hapana, papa. Fwata vile iliisha. Mi nataka tu isiishe tena."

"Lakini weye unalima na mukono ya kuume. Itakusumbua."

"Inisumbue."

Fundi akaufuata mpindo ule taratibu. Lilipopoa, mama akalijaribu pale nje kwa mkono wa kushoto, vibaya kabisa, huku anatabasamu.

Mimi nilikuwa nimeleta jembe la marehemu baba, nalo limelika upande, linyooshwe. Nimelirudisha lilivyo, na nyumbani wananiuliza tutalima na nini.