Winfrida, mpiga kafi asiyeitikia salamu majini

Boti la injini linakata mlango wa mto Luiche likitokea mashambani, limejaa magunia ya mpunga na watu wamekaa juu yake. Katikati ya maji kuna mtumbwi wa kafi wenye wanawake watano. Watu wa botini wanauona, wanawatambua jirani zao, basi wanapiga makofi taratibu kama adabu ya Kiha inavyotaka. Wanaita: "Mwakeye! Mwakeye mama!"

Mtumbwini hakuna anayejibu.

Mwanamke aliyeketi nyuma na kafi lake hainui hata uso. Anatazama maji yanayolifuata boti. Anachota mara mbili upande mmoja, na pua ya mtumbwi inageuka kulikabili wimbi. Mtumbwi unapanda, unashuka, unapanda tena. Abiria mmoja anataka kuinua mkono.

"Zuhra, mikono kwenye kingo!"

"Jamani, si shemeji yangu yule?"

"Shemeji yako hakimbii. Utamkuta sokoni."

Kutoka juu ya magunia mwanamume mmoja anapaza sauti: "Mama Bubu! Salamu haina ushuru!" Wenzake wanaangua kicheko, na injini inawapeleka.

Huyo wanayemwita Bubu ni Winfrida Nehemia, mama wa miaka hamsini na sita, mkazi wa Ujiji. Kazi yake ni kuvusha wakulima kwenda kwenye mashamba ya mpunga ng'ambo ya mto. Si bubu hata kidogo. Kaa naye ufukweni, utachoka wewe kabla yake. Ila akishaukanyaga mtumbwi, hasalimii, haitikii, na aliyepanda naye haruhusiwi.

"Nchi kavu nasalimia mpaka mbuzi," anasema. "Majini sina salamu. Anayetaka salamu anisubiri nitie nanga."

Asiye mwenyeji anaweza kuona ni jambo dogo. Kumbe si dogo. Kwa Waha, salamu si neno la kutupia mtu ukiwa unapita. Mtu mzima husalimiwa kwa mikono miwili, viganja vikikutana, kichwa kikiinama. Na mikono iwe mitupu. Ukimsalimia mkwe wako umeshika jembe, ni kama umemwinulia jembe.

Ni adabu hiyo iliyomuua mume wa Winfrida.

Ni miaka mitatu sasa, msimu wa kuvuna. Wakati huo mwenye mtumbwi alikuwa Dismasi, mume wa Winfrida, mpiga kafi tangu ujana wake. Siku hiyo alikuwa anawarudisha wakulima wanne. Winfrida alikuwa ufukweni upande wa Ujiji, anaanika mpunga kwenye turubai, na kila kitu alikiona kwa macho yake.

Boti la injini lilitokea nyuma yao kwa kasi. Mbele ya boti alikaa Mzee Nehemia wa Simbo, baba yake Winfrida. Kwa Dismasi huyo ni baba mkwe.

"Baba akaita, 'Mwana wangu, mwakeye!'" anasimulia Winfrida. "Dismasi akafanya alivyofundishwa. Akalaza kafi magotini, akakutanisha viganja, akainama. Na abiria wake wote wakainama, maana mzee ni mzee wa wote. Mtumbwi ukabaki hauna mtu."

Boti likapita karibu kabisa, kwa heshima ya salamu hiyohiyo, ili wazee wasikilizane. Wimbi lake likaukuta mtumbwi umelala kiubavu. Likaingia la kwanza, la pili likaugeuza.

Watatu waliushika mtumbwi uliopinduka. Wa nne, Agnesi, mkulima wa mpunga, alikuwa amejifunga kanga mbili na mbegu kiunoni, akazama. Dismasi alijua kuogelea. Alimfuata mara ya kwanza akaibuka peke yake. Akamfuata mara ya pili. Wote wawili walipatikana kwenye matete.

Winfrida anaisimulia habari hii bila kulia. Kilio chake, anasema, kilikwama siku ya maziko.

"Kila aliyesimama kuzungumza alisifu adabu yake. 'Mwanamume huyu amekufa akimheshimu mkwe wake.' Wakaitikia, 'Kweli, kweli.' Mimi nimekaa pale chini najiuliza, hiyo adabu kesho italima? Itapiga kafi? Lakini nikuambie ukweli, Dismasi angempita baba kimya, jioni yake mimi ndiye ningekuwa wa kwanza kumgombeza."

Mtumbwi ulitengenezwa ubavu, na baada ya arobaini Winfrida akashika kafi mwenyewe. Wapo waliocheka, mwanamke na kafi wapi na wapi. Hao walinyamaza baada ya msimu mmoja. Lililowashinda watu ni sheria yake.

Kabla ya kupanda, abiria wake husimama kwenye mchanga wamalize salamu zote. "Habari za nyumbani, za wagonjwa, za kuku, malizeni hapa," huwaambia. Halafu huwapanga: wawili watazame mbele, mmoja atazame nyuma. Wa nyuma akiona injini inakuja, kazi yake ni neno moja tu, "Mgongoni!" Asielezee ni boti la nani wala nani yumo. Mikono ya wote inashika kingo. Mashuka na kanga haviruhusiwi kufungwa mafundo ya kubana. Jaketi za kujiokolea anazo mbili, alizonunua zikiwa zimekwishatumika. Hizo ni za wajawazito na wazee. Wengine huwapa madumu matupu yaliyofungwa kamba ya kushikia.

Mwenye kafi naye, anasema, injini ikitokea anaacha kila kitu anageuza pua. "Wimbi ulipokee kwa pua. Ukilipa ubavu umekwisha. Hilo Dismasi alilijua kuliko mimi. Kujua hakukumsaidia, kwa sababu mikono ilikuwa na shughuli nyingine."

Tangu achukue kafi hajamzamisha mtu hata mmoja. Ungedhani abiria wangempigania. Wapi! Zamani asubuhi moja alikuwa akivusha safari sita, sasa akipata mbili ashukuru.

Abiria wamehamia kwa Samson, mpiga kafi mwenzake, mtu wa maneno matamu. Samson anasalimia kila boti, tena husimama kabisa mtumbwini akapunga kofia.

"Kwa Samson unafika umechangamka," anasema mkulima mmoja, Catherine, akingoja zamu. "Kwa huyu mama unavuka kama unapelekwa kwa hakimu. Mimi nilitoka msibani, nimefiwa na mama mdogo, nimepanda kwake. Hata pole! Kanyamaza mpaka ng'ambo."

"Ng'ambo sikukupa pole?" anauliza Winfrida kutoka mtumbwini, hajageuka.

"Ulinipa."

"Nilikushika mkono?"

"Ulinishika. Lakini ilikuwa imechelewa, dada."

"Imechelewa wewe ukiwa hai, Catherine. Haya, panda kwa Samson."

Na Catherine anapanda kwa Samson.

Manahodha wa boti nao wana lao. Leodgar, anayeendesha boti la mizigo hapo mlangoni, anasema mitumbwi ndiyo inayowakalia njiani. "Nikipunguza mwendo kwa kila kafi ninaloliona, mpunga wa watu utafika lini? Sisi tunawapigia salamu ili wajue tumewaona. Yule mama anatupita na uso kama tumemwibia." Anakuna kidevu. "Ila yeye sijawahi kumwona kiubavu. Hao wengine kila siku."

Alipoulizwa kama basi angepunguza mwendo mlangoni, alicheka akawasha injini.

Sasa mambo yamefika pabaya. Jumamosi hii wapiga kafi wa kivuko wanakutana kuamua kama Winfrida aendelee kuwamo kwenye zamu. Akitolewa, hana pengine pa kuvushia, na mtumbwi ndio jembe lake. Mwenyekiti wao, Erasto, hafichi anakoelekea.

"Hatujasema ni mpiga kafi mbaya," anasema Erasto. "Tumesema anawavunjia watu heshima. Wazee wanapita hapa hawaitikiwi. Kesho watoto wetu watajifunza nini? Aanze kusalimia, hata kwa kichwa tu, tutamwacha. Au alete mzee mmoja anayeheshimika aseme kwamba majini si kosa kunyamaza. Mzee akisema, sisi ni nani?"

Mzee anayeheshimika yupo. Ndiye yuleyule Nehemia wa Simbo. Akitamka yeye, ambaye salamu yake ndiyo iliyojibiwa siku ile, hakuna wa kumpinga. Kila Jumapili baada ya ibada Winfrida hupanda Simbo kumwomba. Kila Jumapili hurudi mikono mitupu.

Mzee anapatikana uani kwake, anapukuchua mahindi. Ana miaka themanini na ushei na hana haraka ya kujibu.

"Mwanangu anataka niseme kijana alikosea kunisalimia," anasema.

Anaambiwa sivyo, anachotaka ni watu wasisalimiane majini.

"Ni kilekile." Anatupa gunzi. "Kama salamu ile haikuwa na lazima, basi mkwe wangu alikufa bure. Na aliyemwita ni mimi. Wote wanasema alikufa kwa adabu. Wewe unataka nisimame mbele ya watu niseme alikufa kwa ajili yangu?"

Je, siku ile Dismasi angempita kimya, mzee angefanyaje?

Mzee anapukuchua hindi zima kabla ya kujibu. "Ningetuma watu wakamuulize nimemkosea nini. Ningemtoza jogoo." Anatazama mikono yake. "Angemleta tungemla pamoja."

Wakati wa kuagana ndipo alipouliza mkutano ni siku gani, akauliza pia kama Winfrida bado ana ule mtumbwi wa Dismasi. Akasema barabara inazunguka sana kwa miguu yake. Huenda akapitia mashambani, avukie mtoni.

Habari hiyo ilipomfikia, Winfrida alikuwa anatoa maji mtumbwini kwa kopo. Aliendelea kutoa, kopo baada ya kopo, mpaka pakakauka.

"Akija, mtu wa kumvusha ni mimi," akasema. "Hapandi boti la mtu. Nitamsalimia kwenye mchanga, makofi yote, magoti chini, nimuulize na habari za mahindi yake. Nitamvalisha jaketi, nimkalishe katikati. Tukishaondoka simjibu. Aniite mwanangu, aniite nani, simjibu mpaka tufike. Upande wa Ujiji wapiga kafi wote watakuwa wamesimama wanatutazama. Wakimwona amekaa kimya na mikono yake kwenye kingo, sina haja aseme kitu mkutanoni."

Na asipokaa kimya? Mzee wa miaka themanini ananyamaziwa na binti yake mbele ya kivuko kizima, si atakasirika?

Winfrida akaweka kopo chini ya kiti cha nyuma.

"Atakasirika sana," akasema. "Akasirike akiwa mkavu."